Wanaikumbuka Nyumba, Mi Nalala Ndani Yake

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Twahir, uko mupumbavu! Haya, nimeandika. Muuguzi wa kituo cha afya amesema tansion yangu, presha ya damu, inapandishwa na mudomo. Eti nikisikia matusi yanakuja, niyaweke kwenye daftari, nisiyaweke kwenye vichwa vya watu. Bon. Tusi la kwanza ni lako, mutoto wangu wa kwanza, miaka kumi na moja uko Bruseli na akili bado haijakufikia.

Leo ametuma odio. Dakika nne! Sauti laini, kama mutu anayesoma hotuba kwenye msiba. "Mama, nimefikiri sana. Siwezi kuweka sahihi. Nyumba ile ni roho yangu. Musiiguse."

Roho yake! Roho yake iko na tundu juu ya kitanda changu.

Hii nyumba ya Majengo, hapa Gisenyi, aliijenga baba mukwe wangu. Tofali za tope, na juu mategura – vigae vya udongo, vizito, nusu yake vimepasuka. Boriti ya katikati imepinda. Ukuta wa nyuma, kwenye chumba cha Twahir, umefura kama mwanamuke wa miezi minane. Fundi Niyonshuti aliugonga na kidole kimoja, akarudi hatua mbili, akasema, "Bibi, huu unangoja ruhusa tu."

Matofali ya kuchoma niko nayo, yamepangwa uani, yamekamilika tangu mwaka jana. Fundi iko. Mvua inaanza Septemba. Kinachokosekana ni sahihi. Karatasi ya kiwanja iko na majina matatu: langu, la Twahir, la dada yake Mbabazi. Mumoja akikataa, kibali cha kujenga hakitoki. Mbabazi alisaini siku ile ile, amesimama, mukoba bado kwenye bega. Huyu wa Bruseli yeye anafikiri!

Nimemujibu kwa odio ya sekunde tatu. Nilichosema sikiandiki. Daftari hili nyuma liko na jedwali la kuzidisha, mutoto anaweza kulifungua.

Alhamisi, 15 Agosti

Igihozo amenisomea grupu ya wasapu. Igihozo ni binti ya Mbabazi, mutu mukubwa, anashona nguo za watu hapa barazani kwangu na cherehani ya marehemu babu yake, Habib wangu. Grupu inaitwa "Watoto wa Gisenyi". Watoto! Wengine wako na wajukuu. Wote wako nje – Ubelgiji, Kanada, Lyoni – na Twahir ndiye mukubwa wao. Juzi aliwauliza: unakumbuka nini zaidi nyumbani?

Yewe, walilia!

Mumoja anakumbuka sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo, na upepo wa ziwa. Huyo namuelewa, sambaza ni sambaza. Mwingine anakumbuka nyama choma ya karibu na soko la zamani. Mi najua walikuwa wanateremsha na nini ile nyama, lakini chupa hakuna aliyeikumbuka. Halafu mwanamuke wa Kanada: anakumbuka kuchota maji ziwani asubuhi, ndoo kichwani, anaimba. Nikamuambia Igihozo, rudia jina. Akarudia: Ingabire. Huyo! Kwao walikuwa na bomba ndani ya nyumba tangu mi bado bibi harusi! Aliyechota ni yaya wao. Na hakuwa anaimba, alikuwa anakohoa.

Kisha daktari mumoja wa Lyoni: "Nakumbuka umaskini wetu wa furaha."

Nilisimama. Igihozo akasema, "Bibi, tansion." Nikakaa.

Umaskini wa furaha! Mi nilikuwepo. Macho yangu yote mawili yalikuwa mazima. Umaskini niliuona. Ile furaha labda ilipita hapa siku nimetoka kutafuta mukaa.

Chini ya yote, picha ya nyumba yangu. Imepigwa kutoka barabarani, ukuta mubaya hauonekani. Imewekewa mioyo myekundu mia mbili na kumi na nne. "Usiibomoe, ni historia yetu sote." "Nikiiona nasikia harufu ya utoto." Harufu ya utoto ni ukungu wa ukutani, mwanangu. Dawa yake ya kifua iko hapa dirishani, kijiko asubuhi, kijiko jioni.

Jumamosi, 17 Agosti

Mukandutiye wa nyumba ya jirani amekuja kunywa chai. Huyu ni mukristo, walirudi kutoka Masisi, Kongo, mwaka wa tisini na tano. Nimemusimulia mambo ya grupu. Nilifikiri atakasirika pamoja na mi. Akacheka!

"We mama Twahir, unashangaa nini? Sisi kule Masisi, papa yetu alikuwa anatuimbia Rwanda kila siku ya Mungu. Maziwa ya Rwanda! Milima ya Rwanda! Hata majani, eti ng'ombe ya Rwanda inakula inacheka. Bon, tukarudi. Wiki moja tu! Akaanza: fromaji, jibini ya Masisi, majani ya Masisi, ng'ombe ya Masisi ndiyo ilikuwa inacheka. Alikufa anaomba fromaji. Tulimuletea ya hapa, akainusa, akageukia ukuta."

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitenge. Halafu akaacha kucheka, akapangusa na mukono, polepole.

Nikamuuliza, na we unakumbuka nini ya kule?

"Mi? Miguu yangu ya miaka ishirini. Ilibaki kule."

Amesema mvua ikianza nihamie kwake. Chumba iko, ya simenti, na dari. Nimekataa. Mi si mutu wa chumba kwa watu. Niko na nyumba. Mbovu, lakini funguo yake iko kwenye fundo la kanga yangu.

Jumatano, 21 Agosti

Anakuja! Tarehe sita, Ijumaa. Na watu wanne wa grupu. "Tunakuja kukumbuka, Mama." Muke na watoto wanabaki, shule.

Ametuma maagizo. Mama, usinunue viti, tutakaa kwenye mukeka. Mama, usipike kwa gesi, tunataka mukaa, ule moshi. Mama, tulie kwenye zile sahani za bati za maua mekundu. Sahani zile zilitoboka, nimepandia vitunguu. Mama, kitanda changu kile kile, chumba kile kile.

Nimemujibu neno moja: karibu. Igihozo akaniangalia kwa woga. Anajua nikijibu neno moja mambo iko namna gani.

Lakini alhamdulillahi. Odio haiwezi kusaini. Mutu anakuja na mukono wake.

Jumanne, 3 Septemba

Mvua ya kwanza leo mchana. Nusu saa tu. Ukuta ulikunywa yote.

Niyonshuti ameweka miti miwili ya mikaratusi kuuegemeza. Nikamuambia, sasa umepona. Akasema, "Hapana, Bibi. Hii ni kumushika mugonjwa mukono."

Mbabazi amefika kutoka kwake Kanama na viazi vya wageni. Kitu cha kwanza, akaficha jiko la gesi chini ya kitanda. Nikalitoa. Akalificha. Nikalitoa. "Mama, muache kaka yangu afurahi!" Afurahi na gesi yangu! Miaka mingapi nimepuliza mukaa, macho mekundu kama ya mulevi, mi nisiyejua ladha ya pombe. Sasa nabonyeza, moto unakuja wa bluu. Hakuna atakayenirudisha kwenye moshi ili yeye alie vizuri.

Ijumaa, 6 Septemba

Wamefika baada ya swala ya Ijumaa, na voiture, gari kubwa la kukodi. Niliapa sitalia. Nimelia. Aliposhuka nikaona mwendo wa baba yake, lile bega moja linalotangulia. Bon. Machozi ni maji, yamekauka.

Amenenepa. Ananukia kama duka. Amevua viatu barabarani, akaingia peku, akakumbatia ukuta – ule wa mbele, muzuri. Akalia. Wote wanne wakamupiga picha akilia. Halafu mwenye simu akasema haikutoka vizuri, akakumbatia tena.

Ingabire wa Kanada iko kati yao. Kofia pana, suruali nyeupe. Akasema, "Mama yangu, sijui kama unanikumbuka." Nikasema, sana. Ndoo iko pale karibu na mulango, na ziwa halijahama. Wengine wakacheka. Yeye akatengeneza kofia.

Daktari wa Lyoni naye iko. Mupole, mufupi. Alikunywa maji ya chupa aliyokuja nayo.

Nimewapikia sambaza na ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga. Walikula. Kisha Twahir, anatafuna taratibu kama mutu wa mahakama: "Mama, sambaza wamebadilika."

"Sambaza ni wale wale. Ulimi wako ndio umepanda ndege."

Saa kumi na moja hivi akasema anataka kuona chumba chake. Aliingia peke yake. Mi nikabaki mulangoni. Aliangalia kitanda. Aliangalia ile miti miwili. Akaweka kiganja kwenye tumbo la ukuta, akakitoa haraka, kikiwa na maji. Nikasema moyoni, sasa! Sasa ameona.

Akageuka. "Mama, unajua mugongo wangu. Daktari wangu anataka nilale kwenye godoro gumu."

Walikuwa wamechukua hoteli tangu Bruseli. Pale ziwani. Vyumba vitano, maji ya moto.

Jumapili, 8 Septemba

Wanafika saa nne asubuhi, wanaondoka saa kumi na moja. Wanakuja kukumbuka kama watu wanaoenda ofisini. Saa saba wanapumzika.

Igihozo amenionyesha grupu. Twahir ameandika: "Nimeamka ndani ya nyumba ya utoto wangu. Jogoo, adhana, harufu ya udongo." Na picha ya dirisha. Dirisha la kioo kizima, pazia jeupe, nyuma yake bwawa la kuogelea! Mi sijawahi kuona bwawa hapa Majengo. Mioyo mia tatu.

Nikamuletea karatasi. Twahir, saini hapa, chini ya Mbabazi.

"Mama, tusiongee makaratasi. Tuishi kwanza."

Nikamuambia we unaishi, mi nangoja ukuta. Akanibusu kwenye paji la uso! Donc, ndivyo wanavyonyamazisha watu kule.

Jumanne, 10 Septemba

Niandike polepole.

Leo walikaa kwenye mukeka, Twahir katikati, akasema wamepata wazo. Nyumba isibomolewe. Iwe "mize". Igihozo akanieleza mize ni nyumba wanaweka vitu vya watu wa zamani, watu wanaingia kuangalia, wanatoka. Watoto wa grupu wakija likizo watafikia hapa, wataona mukeka, jiko la mukaa, kitanda. Wataweka kibao barabarani. Daktari alitikisa kichwa kukubali, eti ni muhimu kwa vizazi. Ingabire aliuliza kama inawezekana kupata ndoo ya bati badala ya ile ya plastiki.

Nikauliza, na mi nitakuwa wapi ndani ya hiyo mize? Kwenye kabati?

Twahir akacheka kidogo. "Mama, we utapumzika. Kanama, kwa Mbabazi. Hewa nzuri, shamba. Umri wako huu, kwa nini uteseke na paa linalovuja?"

Subhanallah! Kwa nini niteseke na paa linalovuja! Aliniuliza mi!

"Tulishapiga kura," akasema. "Kwenye grupu. Sitini na moja wamekubali, wawili wamekataa."

Watu sitini na tatu wamepiga kura juu ya nyumba yangu, na hakuna hata mumoja anayejua choo chake kiko upande gani. Nikataka majina ya wale wawili niwaombee dua.

Nikamuambia yote. Nilisahau muuguzi. Nilimuambia mutu hawekwi Kanama kama gunia la viazi. Kwa Mbabazi mimi ni mugeni, na nikiwa mugeni kwa binti yangu ninyi mutakuwa mumenizika bila sanda. Nilimuambia anapenda nyumba kwa sababu haimunyeshei.

Akasimama, naye amekasirika. "Baba aliipenda nyumba hii! Baba asingekubali!"

Igihozo aliacha kukanyaga cherehani.

Nikasema, njoo. Nikamupeleka uani, kwenye yale matofali. Nikamuonyesha safu ya chini kabisa, yenye majani mabichi ya unyevu. "Hayo mia mbili aliyaleta baba yako. Mwaka aliokufa. Alishona kanzu za Idi za watu wote wa musikiti mpaka vidole vikavimba, akaenda kununua matofali. Alilala kitandani pale, anakohoa, anasema, Mama Twahir, nyumba hii itatuua sote wawili, mi nikitangulia we toka ndani. Hiyo ndiyo mapenzi yake ya nyumba. Habib wangu hakuikumbuka nyumba. Alilala ndani yake."

Twahir aliangalia matofali. Nilifikiri atalia kweli sasa, bila simu. Ingabire akaita kutoka barazani kwamba voiture imefika.

Ameenda. Karatasi iko hapa. Chini ya jina la Mbabazi ni nyeupe.

Jumatano, 11 Septemba

Nimefikiri. Wanarudi kwao Jumapili. Kesho ni hitima ya marehemu, Twahir mwenyewe aliiomba, grupu wanataka kuona. Sawa. Watu wazima wa musikiti watakuja. Hapa kwetu hitima ikimalizika, kabla ya watu kunawa, mwenye neno la familia analisema mbele ya wazee. Na mutoto haambiwi na mama yake mbele ya wazee akajibu "nitafikiri".

Nimemutuma Igihozo kwa sheikh. Nimenunua mbuzi. Mchele nimeazima sufuria yake kwa Mukandutiye, ile ya harusi.

Mawingu upande wa Kanzenze.

Ijumaa, 13 Septemba

Jana sikuandika. Niandike leo, nikiwa wapi tutaona.

Wazee walikuja, kumi na wanne. Walijaa sebule, na wageni wa grupu mulangoni. Walisoma vizuri. Twahir amevaa kanzu ya baba yake, haifungiki shingoni, lakini alikuwa muzuri, nasema ukweli. Pilau ilikuwa tayari uani.

Walipomaliza dua nilisema kutoka nyuma ya pazia, "Sheikh, niko na neno." Nikalisema. Fupi. Nyumba imechoka, matofali iko, fundi iko, binti amekubali, naomba mutoto wangu wa kwanza aweke sahihi mbele yenu.

Sheikh akamuangalia Twahir.

Na Twahir, huyu niliyemunyonyesha miaka miwili, akaanza kuhutubia! Mizizi. Kumbukumbu. Watu wa nje hawana kitu cha kushika. Alisema vizuri kuliko mubunge. Mzee mumoja alianza kusinzia.

Mvua ikaja katikati ya mizizi. Haikugonga hodi. Kwanza tone kwenye kitabu cha sheikh. Kisha kwenye bega la mzee wa pili, akasogea. Alikosogea kukavuja, akasogea tena. Kwa dakika tano wazee wa musikiti wa Gisenyi walikuwa wanahama ndani ya sebule yangu kama vifaranga. Twahir akapaza sauti ili kushinda mvua. "Sikieni!" akasema, "sikieni hii sauti juu ya mategura, kuna sauti kama hii duniani?"

Ikatoka sauti nyingine. Nyuma. Kama gunia kubwa limeshushwa.

Wanaume wakakimbilia huko. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umelala juu ya kitanda chake. Wote. Tope, tofali, miti ya Niyonshuti, na mategura juu yake. Kutoka kitandani uliweza kuona muparachichi wa Mukandutiye. Hakuna aliyeumia. Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Ingabire alikuwa ameweka mukoba wake humo, ulitolewa na koleo.

Twahir alisimama kwenye mvua na kanzu ya baba yake. Akasema – kila mutu alisikia – "Tutaujenga tena vile vile. Kwa tope. Grupu watatusaidia."

Sheikh ni mutu wa maneno machache. Akamuambia, "Sawa, mwanangu. Basi leo lala humo."

Hakuna aliyecheka. Twahir akaangalia chini. Kisha akasema wageni wamelowa, lazima awapeleke hoteli. Waliondoka. Pilau walikula wazee, kwenye baraza ya Mukandutiye, wamesimama.

Na mi nimelala kwa Mukandutiye. Nimeandika, basi. Kitanda chenye neti na blanketi mbili. Hakusema neno hata moja, na hiyo ni adabu kubwa kwa mwanamuke yule. Nilisikia mvua kwenye bati lake na sikukumbuka kitu chochote. Nilihesabu tu: hainyeshi juu yangu. Hainyeshi juu yangu.

Asubuhi hii mukubwa wa mudugudu amekuja kuangalia. Amesema kujenga kungoje kibali, lakini paa lililobaki litolewe kesho, kabla halijamuua mutu. Kutoa hakuhitaji jina la Twahir.

Twahir hakufika saa nne. Hakufika saa tano. Siku nzima hakufika.

Jumamosi, 14 Septemba

Saa mbili asubuhi. Jua. Nimekaa uani juu ya matofali ya Habib, naandika kwenye magoti.

Niyonshuti iko juu ya paa na wenzake wawili. Mategura hayatupwi, yanapasuka. Yanapokelewa mukono kwa mukono, mustari mumoja kutoka paa mpaka ukutani kwa jirani. Wamekuja watu wa mutaa bila kuitwa. Kuna muuza mitumba, kuna dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, kuna mwalimu wa madrasa. Mukandutiye amefunga kitenge kiunoni, na miguu yake ya miaka sabini. Mbabazi iko juu ya ngazi, anatukana vizuri, amenirithi mi.

Saa moja na nusu wamefika watatu wa grupu na voiture, bila Twahir. Walitaka kuaga. Ingabire aliomba tegura moja la kumbukumbu. Nikamupa mawili. Aliyapima mukononi, akauliza kama kuna dogo zaidi. Nikamuambia nyumba ilikuwa na saizi moja. Amechukua kipande. Mwingine alipiga picha tu.

Daktari wa Lyoni alisimama pembeni muda murefu. Kisha akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaingia kwenye mustari bila kusema. Anashika vibaya, ameshaangusha moja. Lakini amebaki. Nimemutumia chai, ameinywa, na maji yale si ya chupa.

Grupu, anasema Igihozo, wanaomboleza tangu jana. "Tumepoteza nyumba yetu." Mishumaa, mioyo iliyopasuka. Mutu wa Norvejia ambaye simujui hata jina ameandika hawezi kula. Hakuna aliyeuliza Bibi amelala wapi.

Nusu ya paa imetoka. Mwanga umeingia chumbani kwangu mpaka chini ya kitanda. Kuna vumbi la miaka hamsini na kiatu kimoja cha Twahir cha shule.

Mustari una pengo. Kati ya Mukandutiye na daktari, mutu mumoja anakosekana, daktari anatembea hatua tatu kwa kila tegura, mwisho ataanguka.

Voiture nyingine barabarani. Si voiture – moto. Twahir ameshuka kwenye moto, peke yake. Hajanyoa. Amesimama kule kwenye mufereji, simu iko mukononi lakini haijanyanyuliwa. Anaangalia paa. Anaangalia watu. Hajavuka. Mbabazi amemuona, amenyamaza, na Mbabazi kunyamaza mi sikumbuki mara ya mwisho.

Kesho saa hizi atakuwa Kigali, kwenye ndege.

Simuiti. Nilimuita miaka kumi na moja.

Igihozo! Acha cherehani. Nenda barabarani ukamuambie mujomba wako Bibi amesema hivi: simu mufukoni, viatu vibaki kwenye miguu kwa sababu kuna misumari, aingie kati ya Mukandutiye na daktari apokee mategura mpaka paa liishe. Asiniombe musamaha sasa hivi, mikono ya watu imechoka. Paa likiisha, karatasi iko hapa juu ya matofali ya baba yake, chini ya jiwe. Kalamu ni hii moja tu nyumba nzima – njoo uichukue, mupelekee.